Baba Mkwe Alivyotazama Vita vya Wahindi Akiwa Nje

Baba mkwe wangu hakuingia nyumbani kwangu hata siku moja, tangu nilipofika kwa mwanawe mpaka wiki iliyopita tulipomzika, na bado hakuna mtu niliyetazama naye televisheni vizuri kama yeye. Wajukuu wangu wa Nairobi wakisikia hivyo wanacheka. "Nyanya, sasa alikuwa anatazama akiwa wapi, mbinguni?" Alikuwa anatazama akiwa dirishani. Kwetu Kisii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hashiki mkono wa mke wa mwanawe, haketi naye kochi moja, na akiwa na neno la kumwambia analitupa hewani, mwenye masikio alichukue. Siku hizi vijana wameilegeza, na mimi sigombani nao. Lakini mwaka mmoja heshima hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa hiyo msitegemee niiseme vibaya. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu. Hata hivyo mambo ya mwaka ule nimeyashika kuliko mwalimu anavyoshika kitabu chake, na ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya wajukuu wangu nikiwaambia jambo kwa Ekegusii wananikodolea macho kama kuku aliyesikia radi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, miguu ya mbio na mdomo usiopumzika. Nilitoka kwetu Magwagwa nikaja Keumbu kwa Makori bila mzee yeyote kutangulia kwetu kuniposa. Nilikuja tu, nina mfuko wa nguo na jogoo mmoja aliyepiga kelele njia nzima utadhani ndiye anayeolewa. Baba yake Makori alitoka nyumbani kwake akasimama katikati ya uwanja, mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Aliniangalia mara moja, kisha akaongea akiutazama mgomba. "Huyu msichana hana kosa lolote," akasema. "Lakini ng'ombe wangu hawataelekea Magwagwa. Nimesema." Akarudi ndani. Ilikuwa hotuba fupi lakini ilinimaliza. Kwetu, mwanamke ambaye ng'ombe wa mahari hawajaenda kwao ni mgeni anayepika. Ndugu zangu walipopata habari walituma neno: mahindi yakishavunwa na ng'ombe hawajafika, tunakuja kukuchukua, hatutaki dada yetu awe kichekesho. Basi Keumbu nzima watu wanaomba mvua mahindi yanenepe, mimi peke yangu naomba yachelewe.

Nilitaka sana kumchukia yule mzee, lakini alikuwa mgumu kuchukiwa. Adui wa kawaida anakutukana, anakusengenya kisimani, wewe unapata nguvu. Yeye kila asubuhi alimtuma binti yake Kerubo aniletee maziwa. Kerubo alikuwa kidato cha tatu, mdomo kama wangu, tukapatana siku ya kwanza. Aliweka kibuyu mlangoni akaigiza sauti ya baba yake: "Mwambie asidhani nimekubali." Nilipougua malaria alimwagiza Makori achukue baiskeli yake, ile ambayo hata pasta hakuwahi kuazimwa, anipeleke zahanati. "Mwambie asidhani nimekubali." Siku moja nilikuta migomba yangu yote imepaliliwa na majani yamekatwa vizuri. Nikamwuliza Kerubo, "Na hii?" Akasema, "Hii hakusema kitu, lakini wewe usidhani amekubali." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikibaki peke yangu sikucheka. Mtu mwema akikukataa inauma zaidi, kwa sababu huwezi kusema ni ubaya wake.

Sasa televisheni. Makori alikuwa fundi wa redio sokoni Keumbu, na mikono yake ilikuwa haiwezi kuona kitu kimekufa ikanyamaza. Alipata televisheni mbili mbovu, moja haina sauti na nyingine haina picha, akazifungua, akachanganya matumbo yao, akapata moja nzima, nyeusi na nyeupe, yenye mstari unaopanda kutoka chini hadi juu kama siafu. Umeme haukuwa umefika. Tulitumia betri ya gari ambayo Makori aliipeleka sokoni kwa wilbaro kuchajiwa. Jumapili alasiri, tukishakula, nyumba yangu ya vyumba viwili ilijaa watu mpaka ukuta ukatoa jasho. Kochi moja lililofunikwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe lilibeba watu saba. Wengine walikaa sakafuni juu ya gunia, miguu ya huyu kwenye mgongo wa yule, na mimi nikizunguka na sufuria ya chai na ndizi za kuchemsha, nikiwakanyaga bila kuomba msamaha kwa sababu ni nyumbani kwangu.

Tulikuwa tunatazama hadithi kubwa ya Wahindi, ya zamani sana, ya dini yao. Ni ukoo mmoja umegawanyika pande mbili ukagombania kiti cha baba zao mpaka ukaingia vitani. Hilo tulilielewa upesi. Ukimwambia Mkisii kwamba watoto wa babu mmoja wanagombania urithi, huhitaji kumfafanulia. Maandishi yaliyopita chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Kerubo alisimama kando ya televisheni akatutafsiria kwa sauti ya kanisani, na maneno yakimshinda alitunga yake. Mara moja aliwafanya wafalme wawili wabishane juu ya bei ya majani chai. Alikuwa pia amemwuliza mwenye duka Mhindi mjini Kisii, akaambiwa kwamba huko kwao hadithi hii ikionyeshwa watu huoga kwanza, wakavaa safi, wakafukiza ubani mbele ya televisheni. Habari hiyo ilimfikia baba yake. Jumapili iliyofuata nikasikia kitu kinakwaruza nje, chini ya dirisha. Kerubo akachungulia akanirudia ameshika mdomo. "Ni baba. Amekuja kunoa panga."

Alinoa lile panga muda mrefu sana. Jumapili ya pili akanoa jembe. Ya tatu akaja na kigoda chake cha miguu mitatu, amenawa miguu, amevaa koti la kanisani, hana panga wala jembe. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na watu wakaanza kunong'ona kwamba anatazama miungu ya watu wengine. Walipomwuliza alishangaa kabisa. "Mimi? Mimi niko nje." Nilianza kumpikia chai yake pekee, na kwa kuwa siwezi kumpa mkononi, niliweka kikombe cha bati juu ya ubao wa dirisha, nikageuka, na nikigeuka tena hakipo. Baadaye kilirudi kikiwa kitupu. Hatukusemeshana neno. Lakini mkono wenye mishipa ukapanda, kikombe kikashuka, na mimi nikajua sukari ilitosha.

Chumbani kwangu wote tulikuwa upande wa ndugu wema, wale walionyang'anywa. Upande ule mwingine kulikuwa na shujaa mmoja ambaye tulimzomea kila alipotokea, kwa sababu kama si yeye, wabaya wangeshindwa mapema tukalale. Nje ya dirisha mambo yalikuwa kinyume. Yule shujaa akipanda farasi, tunasikia mzee anakohoa kwa furaha. Alimwita "Omosani." Kwa lugha yetu ni rafiki. "Omosani ametoka," anasema, kama vile jirani ametoka shambani. Mimi ilinichoma. Nilijiambia, bila shaka, mbaya anampenda mbaya mwenzake. Nikikanyaga watu na sufuria yangu nikatupa neno hewani: "Kuna watu hapa wanashangilia wezi wa urithi!" Huwezi kumtupia baba mkwe neno kama lile. Kutoka nje ikaja sauti ya taratibu: "Huyo anayesema, amwangalie mtu, asiangalie upande."

Basi ikafika Jumapili ambayo wale wema walituma mtu kwa Omosani kwa siri. Kerubo akatafsiri, safari hii bila kuongeza: "Anamwambia, wewe kwa haki ni wa upande wetu. Vuka uje. Utapewa kiti cha mbele." Sisi wote tukapiga makofi. Vuka, ng'ombe wewe, vuka! Omosani akainamisha kichwa. Machozi yakamjaa, na ule mstari wa siafu ukapita juu ya uso wake. Akakataa. Akasema anajua upande wake utashindwa na anajua wenzake wamekosa, lakini wakati dunia yote ilimcheka akiwa si kitu, ni rafiki yake mmoja tu wa upande ule aliyempa kiti akakaa. Chumba kizima kikazomea. "Mjinga!" "Afe basi!" Na dirishani ikasimama ile sura ndefu, mara ya kwanza naiona ikitazama ndani waziwazi. "Nyamazeni!" akasema. "Nani kati yenu amewahi kufukuzwa na watu wake? Mkono uliokulisha siku hiyo, siku ya vita utaukata?" Akachukua kigoda chake akaondoka, na chai yake ikabaki imejaa juu ya ubao.

Kesho yake tulikuwa jikoni na Kerubo tukichambua chinsaga, zile mboga chungu ambazo ukizipika bila maziwa unajilaumu. Nikamwuliza, "Baba yako jana alikasirikia nini? Ni watu wa televisheni wale." Akatazama mlangoni kwanza. "Bosibori, hakuna aliyekuambia? Baba akiwa kijana, babu alikufa na ndugu zake wakamfukuza. Walimwambia hana chake hapa. Alienda na shati alilovaa mpaka Ogembo, kwa Mzee Obare. Huyo Obare alimpa chumba, akampa sehemu ya shamba, akampeleka kwenye mikutano ya wazee akasema, huyu ni ndugu yangu, mpeni kiti. Alikaa huko mpaka wazee wa hapa wakawalazimisha ndugu zake wamrudishe. Siku ya kuaga, baba akamwambia Obare: binti yako akikua, ataolewa na mwanangu." Nikaacha mboga. "Na mwana ni Makori." "Mwana ni Makori. Baba ana mwana mmoja, wifi. Akikukubali wewe, atampa Obare nini?"

Miezi yote ile nilidhani mzee ananikataa kwa kuwa sikusoma, au kwa kuwa nilikuja na jogoo. Kumbe alikuwa amesimama upande wake, anajua utashindwa, na hawezi kuvuka. Leo nikiwa mzee nimewaona watu wengi wakivuka. Siasa, kanisa, ndoa, wanavuka asubuhi na jioni wanarudi wakiulizia chakula. Wachache nimewaona wanakataa kiti cha mbele kwa ajili ya mtu aliyewapa kigoda zamani. Wiki ile sikuwa na busara hiyo. Nilikuwa na mahindi tu, yameanza kukauka majani.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha. Mzee alikuja bado, amejifunika gunia kichwani, maji yanamchuruzika puani. Nikaweka kikombe juu ya ubao, na badala ya kugeuka nikabaki nimesimama. Nikatupa neno hewani, lakini sikulitupa mbali. "Mtu akisema mimi si mke wa mwanawe, basi hii si nyumba ya mwanawe aliyeoa. Aingie. Kochi liko, ni kavu. Mbona ananyeshewa?" Mzee akachukua kikombe. Akanywa. Akaangalia mvua kulia, akaangalia mvua kushoto. "Mvua ni kidogo," akasema.

Ilikuwa inanyesha mpaka kuku wamepanda juu ya kuni. Nikarudi ndani nikaketi sakafuni. Alikuwa amenikubali tangu siku ya kwanza! Kwa mdomo alisema hapana, kwa ajili ya Obare, na kwa miguu yake, iliyokataa kuvuka mlango wangu, alisema ndiyo kila Jumapili. Kilichobaki ni mtu wa kumfungua, na mtu huyo hakuwa Makori wala mimi. Jumatano yake, kabla jua halijapata nguvu, mimi na Kerubo tulikuwa njiani kwenda Ogembo, mkungu wa ndizi kichwani mwangu na unga wa wimbi kichwani mwake. Hatukuomba ruhusa. Tungeomba tungenyimwa.

Mzee Obare alikuwa mfupi, mnene, mwenye meno machache anayoyaonyesha yote. Hakutuuliza tunatoka wapi, alitaka tule kwanza. Mkewe alileta obokima, ugali wa wimbi, mweusi, wa moto, na maziwa ya mgando. Nikamega tonge, nikalirudisha. Nikasema yote. "Mzee, mimi ndiye msichana aliyekuja kwa Makori. Nimemharibia binti yako nafasi yake. Sikujua. Baba yetu hawezi kuvunja neno lake kwako, na sitaki alivunje, kwa sababu yeye si mtu wa hivyo na sitaki awe mtu wa hivyo kwa ajili yangu. Lakini wewe unaweza kumrudishia. Ukikataa, mahindi yakivunwa nitarudi kwetu, na sitakulaumu." Obare akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kuta. Ndipo katika chumba cha pili mtoto mchanga akalia, na msichana wa rika langu akatoka amembeba, amefunga leso ya uzazi, ananisalimu kwa aibu.

"Ndiye huyo," akasema Obare. "Alitoroka na karani wa kiwanda cha chai mwaka jana. Watu wa huyo kijana wako sawa, ng'ombe walikuja. Lakini mimi nitamwambia nini rafiki yangu? Kwamba nimempa mwingine binti niliyemwahidi mwanawe? Nikimwona sokoni Keumbu napita nyuma ya kinu cha unga!" Kerubo akapiga kelele. "Mzee! Na baba akikuona wewe anajificha duka la mbolea! Anasema hana uso wa kukutazama!" Obare alicheka mpaka mkewe akampiga mgongo. Kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Wazee wawili waliopendana kama mapacha, mwaka mzima wanazungukana sokoni kama watu wanaodaiana, kila mmoja anaficha kosa ambalo mwenzake pia analo. Nikalirudia tonge langu. Nilikula obokima ile mpaka mama akaongeza.

Obare alifika Keumbu Jumapili, siku ambayo Omosani alikuwa anaingia kwenye vita vyake vya mwisho. Sijui waliambiana nini kule nyumbani kwa mzee. Nilisikia tu kicheko kimoja kirefu, chembamba, nikauliza ni nani, Kerubo akasema, "Ni baba," na yeye mwenyewe alionekana haamini. Kisha wakaja wote wawili. Obare, kwa kuwa anamwita Makori mwanangu, naye haruhusiwi kuingia, kwa hiyo alikaa chini ya dirisha kwenye debe lililopinduliwa, na mvua nyepesi ikianza wakafungua mwavuli mmoja. Niliweka vikombe viwili juu ya ubao.

Siku ile hakuna aliyezomea. Omosani alipigana vizuri, peke yake, bila matumaini. Nikajikuta nimekaa karibu na dirisha nimeshika sufuria tupu, nakataa asife. Adui yake akainua silaha, Omosani akainua uso, na picha ikajikunja ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo. Betri imeisha. Mlisikia wapi watu wakilia vile! Mmoja akampiga Makori na kitambaa changu cha kochi. "Kerubo, imekuwaje? Amekufa?" Kerubo, ambaye hajawahi kukosa la kutunga, akasimama mdomo wazi. Ndipo nje mzee akaongea, si kwa nguvu. "Amekufa. Amekufa upande wake." Na Obare akasema, "Ndiyo, ndugu yangu." Niliangalia nje mara moja tu. Mwavuli ulikuwa umemfunika baba mkwe kabisa, lakini uso wake ulikuwa umelowa.

Baada ya muda kikombe kikagongwa juu ya ubao. "Moka Makori," sauti ikasema. Hiyo ni kusema mke wa Makori, na hakuwa amewahi kuniita jina lolote. "Moka Makori, chai imepoa." Ng'ombe walielekea Magwagwa kabla hatujavuna, Obare akiwatangulia na fimbo, akiimba vibaya.

Miaka imepita. Obare alitangulia, na sasa rafiki yake amemfuata, akiwa na umri ambao hata yeye aliacha kuuhesabu. Siku tatu baada ya mazishi, watu wameondoka, mjukuu wangu mmoja akawasha televisheni kubwa katika nyumba ya mwanangu. Wametengeneza hadithi ileile upya, ina rangi, ina mapambo, na watu wanaongea Kiswahili bila kumhitaji Kerubo. Nilikaa kochini kwa mwanangu, maana mimi mama naruhusiwa. Mara nikasikia kitu kinaburuzwa nje, chini ya dirisha. Mkaza mwanangu, ambaye ni nesi na mstaarabu sana, akachungulia. "Baba, ingia jamani, mvua inanyesha!"

Mume wangu alikuwa amekalia kile kigoda cha miguu mitatu. Akaangalia mvua kulia, akaangalia kushoto. "Mvua ni kidogo," akasema.

Mkaza mwanangu akanigeukia. Nikamwambia aweke kikombe juu ya ubao wa dirisha kisha ageuke. Kwenye kioo shujaa wa upande ule alikuwa anatokea, kijana, amevaa dhahabu, hajui bado ataulizwa nini, na wajukuu wakaanza kumzomea. Niliichukua leso yangu nikajifunika kichwa, nikatafuta debe, nikatoka kukaa nje.